Kaboni Moja Kutolewa, Mbili Kuongezwa

Mwaka 1934, mjini Danzig, mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alishughulikia ovari za nguruwe wapatao 50,000. Kwa pamoja zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600. Alizisaga, akazichuja, akazisafisha hatua kwa hatua, na mwisho wa kazi yote hiyo akabaki na miligramu 20 za projesteroni safi, yaani chembe chache za unga mweupe. Vikundi vingine vya watafiti vilifika hapo mwaka huohuo. Homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza kila mwezi bila kelele ilikuwa sasa imewekwa juu ya mizani.

Tangu siku hizo wakemia wamefanya kazi ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi za mikono na akili zilizo nadhifu kuliko zote. Wamejifunza kugusa sehemu moja ndogo ya homoni, kutoa chembe hapa na kuongeza chembe pale, ili dawa ifanye kile ambacho homoni ya asili haikuweza kufanya ikiwa kwenye kidonge au kwenye sindano. Na kila walipogusa, mwili ulijibu kwa namna yake. Anayetaka kujua tofauti ya homoni ya asili na ya kutengenezwa hana budi kuitazama kazi hiyo kwa karibu.

Tuanze na projesteroni yenyewe. Yai linapotoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki kifuko cha manjano, na kifuko hicho ndicho hutoa projesteroni. Homoni hii huandaa ukuta wa mji wa mimba upokee mtoto, hutuliza misuli yake isijikaze kabla ya wakati, na huulinda ujauzito. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka na hedhi huja. Mwanamke ambaye homoni hii ni pungufu, au ambaye hedhi yake imevurugika, kwa nini asimeze tu kidonge cha projesteroni?

Madaktari wa miaka ya 1930 walijaribu, na majibu yalikuwa hafifu mno. Sababu ni njia ambayo chakula na dawa hupitia. Kila kinachofyonzwa na utumbo hupelekwa kwanza kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Ini ni forodha ya mwili: shehena yote hupita hapo, hukaguliwa, na ushuru hukatwa kabla mzigo haujafika sokoni. Kwa projesteroni ushuru huo ni mkali. Vimeng'enya vya ini huivunja haraka sana, na chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichomezwa ndiyo hufika kwenye damu ikiwa bado projesteroni. Na hata hicho kilichofika hakidumu. Ndani ya dakika chache nusu yake huwa imekwisha. Mwili wenyewe hauoni shida, kwa kuwa ovari humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu, mfululizo, mchana na usiku. Shida ni ya mgonjwa mwenye kidonge mkononi.

Kulikuwa na shida ya pili, ya upatikanaji, na aliyeitatua alikuwa Mmarekani Russell Marker. Alijua kwamba mimea mingi ina kemikali zenye mifupa ileile ya homoni. Mwaka 1942 alikwenda jimbo la Veracruz, Mexico, kutafuta aina ya kiazi kikuu cha mwituni chenye mizizi mikubwa ambacho wenyeji walikifahamu siku nyingi. Ndani yake mna diosjenini, kemikali yenye kaboni 27. Marker alikuwa amevumbua njia ya kukata kipande cha ziada cha diosjenini na kubaki na projesteroni, kwa hatua chache na bila vifaa vya fahari. Mwaka uliofuata alitengeneza projesteroni ya kupimwa kwa kilo. Mwaka 1944 akashirikiana na wafanyabiashara wawili kuanzisha kampuni ya Syntex, na bei ya projesteroni ikaporomoka.

Projesteroni ya Marker haikutoka kwenye ovari ya kiumbe yeyote. Ilitoka kwenye mzizi, ikapita kwenye tindikali na chupa za maabara. Hata hivyo molekuli yake ilikuwa na kaboni 21, hidrojeni 30 na oksijeni 2, zilizopangwa sawasawa na zile za ovari. Mwilini haikuwa na tofauti yoyote, kwa sababu mwili hausomi cheti cha kuzaliwa cha molekuli, husoma umbo lake. Projesteroni nyingi inayouzwa leo chini ya neno "asili" imetengenezwa kiwandani kutokana na mimea. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: dawa iliyotengenezwa ikawa nakala kamili ya homoni, na dawa iliyotengenezwa ikabadilishwa kwa makusudi. Ya kwanza mwili huipokea kama yake. Ya pili ndiyo yenye hadithi ndefu.

Kiazi kikuu chenyewe, ukikichemsha na kukila, hakikupi projesteroni hata kidogo. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kugeuza diosjenini kuwa homoni. Kazi hiyo hufanyika maabara tu. Anayekuuzia krimu ya kiazi kikuu akidai itakuongezea homoni amekuuzia jina.

Sasa turudi kwenye mkasa wa kidonge. Homoni za jamii hii, yaani steroidi, zote zimejengwa juu ya pete nne zilizoungana: tatu zina kaboni sita kila moja, na ya nne ina tano. Wakemia huzipa kaboni hizo namba. Tofauti ya homoni ya kike na ya kiume, ya ujauzito na ya kusimamia chumvi mwilini, hutokana na vitu vidogo vilivyoning'inia kwenye namba hizi. Kaboni ya 17, iliyo pembeni mwa pete ya nne, ndipo mahali ambapo ini hupenda kuanzia kazi yake kwa testosteroni ya kiume na estradioli ya kike. Hapo pana hidrojeni moja, na kando yake pana oksijeni na hidrojeni vikiwa pamoja. Kimeng'enya cha ini huinyang'anya kaboni hiyo hidrojeni yake, na homoni hupoteza nguvu.

Mwaka 1938, katika kampuni ya Schering mjini Berlin, Hans Inhoffen na wenzake waliondoa nafasi hiyo. Walichukua asetilini, gesi ileile ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma huitumia, wakaiunganisha na kaboni ya 17. Pale palipokuwa na hidrojeni sasa pakawa na kaboni mbili zilizoshikana kwa kifungo cha mara tatu. Ini likija, halikuti hidrojeni ya kunyang'anya. Walipofanya hivyo kwa estradioli walipata ethinilestradioli, ambayo hadi leo imo kwenye vidonge vingi vya majira. Estradioli ya asili ikimezwa, kiasi cha asilimia 5 tu ndicho hufika kwenye damu. Ethinilestradioli hufika kwa asilimia 40 hivi. Walipofanya hivyo kwa testosteroni, homoni ya kiume, walipata kitu ambacho hawakukitarajia: dawa iliyofanya kazi kama projesteroni, tena kwa kumezwa. Lakini nguvu yake ilikuwa ndogo, na bado ilikuwa na chembe ya uanaume ndani yake.

Kipande cha pili kilitoka Philadelphia. Mwaka 1944 mkemia Maximilian Ehrenstein alikuwa akifanya kazi na strofanthidini, kemikali ya mimea ya jamii ya Strophanthus, ambayo mbegu zake wawindaji wa kusini-mashariki mwa Afrika walizitumia kutengeneza sumu ya mishale. Kutokana nayo alipata mafuta machache yenye projesteroni isiyo na kaboni namba 19, ile inayosimama juu ya pete ya kwanza na ya pili. Mkemia yeyote wa wakati huo angetarajia homoni iliyopokonywa kaboni ife. Haikufa. Ilifanya kazi angalau sawa na projesteroni yenyewe.

Hapo ndipo Carl Djerassi na George Rosenkranz, pale Syntex, walipoviweka vipande viwili pamoja. Kama kutoa kaboni ya 19 kunaongeza nguvu, na kama kuongeza kaboni mbili kwenye namba 17 kunaifanya dawa imezeke, itakuwaje vyote viwili vikifanywa kwenye molekuli moja? Kazi ya mikono ilifanywa na kijana wa Kimexico, Luis Miramontes, mzaliwa wa Tepic, aliyekuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Oktoba 1951 alipitisha gesi ya asetilini kwenye mchanganyiko wake na kukamilisha hatua ya mwisho ya norethisteroni. Jina lake limo kwenye hataza pamoja na majina ya wakubwa wake. Kaboni moja ilitolewa, mbili zikaongezwa.

Jinsi kazi hiyo ilivyofaulu huonekana kwenye uzito wa kidonge. Projesteroni ya asili, inapotolewa kwa kumezwa ili kulinda mji wa mimba wa mwanamke anayetumia estrojeni, jamii ya estradioli, baada ya hedhi kukoma, hutolewa kwa miligramu 100 au 200 kwa siku. Kidonge cha majira chenye norethisteroni peke yake, ambacho mama anayenyonyesha anaweza kukitumia, kina miligramu 0.35. Kazi za dawa hizi mbili si moja, kwa hiyo mtu asizigawanye kama hesabu ya duka, ila pengo hilo linadokeza jinsi ini lilivyozuiwa mkono na dawa ilivyoongezewa nguvu.

Lakini mwili haukukaa kimya. Homoni hizi hufanya kazi kwa kukaa ndani ya kipokezi, protini iliyo kwenye seli, ambayo hujikunja upya inapoguswa na kuamsha au kuzima jeni fulani. Vipokezi vya steroidi ni ndugu: cha projesteroni, cha homoni ya kiume, cha homoni ya kortisoli, cha homoni inayosimamia chumvi na maji. Ukibadilisha umbo la molekuli ili ikae vizuri kwenye kimoja, huwa umebadilisha pia inavyokaa kwa ndugu zake. Projesteroni ya asili hugusa kipokezi cha chumvi na kukizuia, ndiyo maana husaidia figo kutoa chumvi na maji kidogo. Norethisteroni haina tabia hiyo. Badala yake, kwa kuwa asili yake ni testosteroni, hugusa kidogo kipokezi cha homoni ya kiume, na wanawake wengine huona chunusi. Sehemu ndogo yake hugeuka mwilini kuwa ethinilestradioli.

Tofauti nyingine iko kichwani. Ini linapovunja projesteroni halitupi tu mabaki. Mojawapo ya vipande vyake, alopregnanoloni, huingia kwenye ubongo na kutuliza seli za neva kupitia vipokezi vilevile vinavyoguswa na dawa nyingi za usingizi. Mtafiti Hans Selye aliona mwaka 1941 kwamba projesteroni nyingi huwalaza wanyama. Kwa sababu hiyohiyo kidonge cha projesteroni hushauriwa kimezwe wakati wa kulala. Norethisteroni, ambayo kwenye namba 17 ina zile kaboni mbili za asetilini badala ya tawi la projesteroni, haiwezi kutoa kipande hicho. Ile kazi ya ini tuliyoilalamikia mwanzoni, kumbe ndiyo humpa mwanamke usingizi.

Wakemia waliendelea hata na kipande hicho. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni kwa mama wenye sonona baada ya kujifungua. Hiyo ni alopregnanoloni yenyewe, nakala kamili ya ile ya mwilini, na kwa kuwa haidumu ilibidi itiwe kwa dripu kwa saa 60 mfululizo, mama akiwa hospitali chini ya uangalizi. Mwaka 2023 ikaidhinishwa zuranoloni, molekuli ya jamii hiyohiyo iliyobadilishwa ili imezwe, mara moja kwa siku kwa siku 14. Homoni halisi ilidai kitanda na dripu. Iliyobadilishwa inamezwa nyumbani.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda anaifahamu zaidi dawa nyingine ya ukoo huu, ile ya sindano ya miezi mitatu. Ndani yake mna medroksiprojesteroni. Hii haikutokana na testosteroni. Mifupa yake ni ya projesteroni, ila kwenye kaboni ya 6 pamewekwa kaboni moja ya ziada inayoziba njia ya vimeng'enya, na kwenye namba 17 pamewekwa asetati. Ufundi wake wa pili hauko kwenye molekuli. Tazama kichupa kabla muuguzi hajakivuta kwenye sindano: kikikaa kidogo, unga mweupe hutuama chini na maji hubaki juu. Muuguzi hukitikisa kwa nguvu hadi yote yawe meupe kama tui. Weupe huo ni fuwele ndogondogo zisizoyeyuka kwa urahisi. Zikishaingia kwenye msuli hukaa hapo na kuyeyuka polepole, na miligramu 150 zinatosha kuzuia yai kwa miezi mitatu. Asiyetikisa kichupa humpa mama dozi pungufu.

Uimara huo una gharama yake. Fuwele zilizokwisha kuingia haziwezi kutolewa, kwa hiyo anayepata madhara hungoja yaishe yenyewe, na anayetaka mtoto huenda akasubiri, kwa kawaida miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Medroksiprojesteroni hugusa pia kipokezi cha kortisoli, jambo ambalo norethisteroni hailifanyi kwa kiasi cha kuhesabika. Na kwa kuwa inazima ovari, estrojeni ya mwanamke hushuka na mifupa hupungua uzito kadiri anavyoitumia, ingawa kwa wengi hurudi baada ya kuacha. Mama anayeichagua anastahili kuambiwa haya yote kabla ya kunyoosha mkono.

Mwaka 2002 dunia ilipata fundisho kubwa juu ya dawa hiyohiyo kwa wanawake waliokoma hedhi. Utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 ulisitishwa mapema baada ya kuonekana kwamba waliopewa estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni walipata saratani ya matiti zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika tawi la pili, wanawake waliokwisha kutolewa mji wa mimba walipewa estrojeni peke yake, na ongezeko hilo halikuonekana. Baadaye utafiti wa Ufaransa uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi uliona hatari ndogo zaidi kwa waliotumia projesteroni halisi kuliko waliotumia zilizobadilishwa. Huo ulikuwa ufuatiliaji tu, si majaribio ya kugawa dawa kwa kura, kwa hiyo hauna uzito sawa. Lakini unakubaliana na kile ambacho vipokezi vinatuambia.

Na estrojeni iliyotumika Marekani ilikuwa ya asili kwa maana ya kawaida kabisa: ilitolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Ndani yake mna ekwilini, homoni ambayo ovari ya mwanamke haitengenezi kamwe. Kwa farasi ni ya asili. Kwa mwanamke ni ngeni. Estradioli iliyotengenezwa kiwandani iko karibu naye zaidi kuliko hiyo.

Ufundi haukuishia kwa waliobadilisha molekuli. Wafaransa, mwaka 1980, waliingiza sokoni projesteroni isiyobadilishwa hata chembe moja. Walichofanya ni kuisaga hadi ikawa laini mno na kuiweka ndani ya mafuta, ili utumbo uifyonze vizuri zaidi. Kuheshimu homoni ilivyo na bado kuifanya imezeke kulidai uvumilivu uleule.

Mfano wa mwisho unatoka kwenye chumba cha kujifungulia, na hapa homoni si steroidi bali mnyororo mfupi wa amino asidi tisa: oksitosini. Mkemia Vincent du Vigneaud wa New York aliusoma mpangilio wake na kuitengeneza mwaka 1953, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Oksitosini ya maabara na ya ubongo ni kitu kimoja, na hukaza mji wa mimba vilevile. Mkunga humchoma mama yuniti 10 mara mtoto anapotoka ili asivuje damu. Udhaifu wake ni wa aina mbili: huisha mwilini kwa dakika chache, na huharibika ikikaa nje ya jokofu. Kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika kinaweza kuwa na ampuli iliyojaa maji yasiyo na nguvu, na hakuna macho yanayoweza kuliona hilo.

Kabetosini ni oksitosini iliyorekebishwa sehemu tatu. Kikundi cha amino cha mwanzo, ambapo vimeng'enya huanzia kutafuna, kimeondolewa. Salfa moja kati ya mbili zinazofunga pete yake imebadilishwa kuwa kaboni, ili kifungo kisikatike. Na amino asidi ya pili imeongezewa kaboni moja. Nusu yake hudumu kwenye damu kwa dakika 40 hivi, na ikitengenezwa na maji maalumu ya kuihifadhi hukaa kwenye nyuzijoto 30 kwa miaka mitatu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa kuvuja damu ya mililita 500 au zaidi, au kuhitaji dawa nyingine, kabetosini haikuwa nyuma ya oksitosini. Kwa kuvuja damu ya lita moja au zaidi, waliofikia hapo walikuwa wachache mno ili hukumu ithibitike. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo hakuna mkunga anayepaswa kumwanzishia mama uchungu kwa kabetosini. Kazi hiyo ni ya oksitosini, kwa dripu, kwa sababu ile ile iliyoonekana kuwa udhaifu: mtoto akichoka ndani, dripu hufungwa na baada ya dakika chache mji wa mimba hulegea. Dawa inayodumu ingeendelea kukaza. Kuisha haraka ni sehemu ya kazi ya homoni, na fundi mzuri hujua ni wakati gani wa kuizuia isiishe upesi na wakati gani wa kuiacha ilivyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: "asili" na "kutengenezwa" ni maneno yanayoeleza dawa ilikotoka, wala hayaelezi itakachofanya. Ukipewa dawa ya homoni, soma jina la kemikali kwenye pakiti, kisha muulize daktari au mfamasia maswali matatu: je, ni nakala kamili ya homoni yangu au imebadilishwa? Hugusa kitu gani kingine mwilini mwangu? Na nikitaka kuiacha, itachukua muda gani kuisha? Anayeijua kazi yake atakujibu, na una haki ya majibu hayo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.